Nusu ya Mpishi

Aliyenifundisha kwamba hata mbwa anastahili kuonjewa chakula chake kabla ya kupewa ni mtu aliyeogopa mbwa kuliko alivyoogopa polisi. Nilifanya kazi naye miaka minne, yeye jikoni, mimi kwa watoto, katika shamba moja la ngano na pareto upande wa Njoro, na sikuwahi kumwona akimgusa mbwa hata kwa kidole cha mguu. Wote tulimwita Mpishi. Wazungu walimwita Mpishi, wakamuaji walimwita Mpishi, hata mkewe alipokuja kumtembelea alimwita hivyo hivyo mbele za watu. Jina alikuwa nalo, lakini alisema jina ni la kwenye kipande, kile cheti cha kazi, jikoni mtu ni kazi yake.

Siku yangu ya kwanza pale nilimkosea, na wa kulaumiwa ni njaa. Nilifika asubuhi, baridi ya Njoro ile inayoingia mpaka kwenye meno, nikaonyeshwa jiko nijipatie chai. Juu ya meza kulikuwa na waya wa kupoozea mikate, na juu ya waya biskuti za mviringo, za kahawia, zimepangwa safi. Nikachukua mbili. Nilikuwa naikamata ya tatu Mpishi alipoingia na kuni mkononi.

"Yaya, unakula nini?"

"Biskuti, Mzee."

"Zikoje?"

"Nzuri. Ila zimekosa chumvi."

Akaweka kuni chini polepole, moja moja, kama mtu anayefikiria. "Ajabu," akasema. "Wenyewe hawajawahi kulalamika."

Nikamwuliza wenyewe ni akina nani. Akanionyesha kwa mdomo, nje ya dirisha. Mbwa watatu walikuwa wamekaa kwa mstari wakinitazama, na nawaambia, sijawahi kutazamwa na viumbe waliodhulumiwa namna ile. Nilitaka kutapika. Mpishi akanikataza. Alisema nimekula vitu safi kuliko vyote nilivyokula tangu nizaliwe, na kwamba nikitapika nitakuwa nimewadhulumu wale wanyama mara mbili.

Hakumwambia mtu. Miaka minne, hata tulipogombana, hakuwahi kulitoa lile jambo mbele ya watu ili nichekwe. Mimi sikuwa mwema hivyo. Nilipogundua kwamba yeye mwenyewe alikula zile biskuti kila wiki, na kwa kusudi, nililipeleka neno kambini kwetu jioni hiyo hiyo, na kufika Jumapili vibarua wote walikuwa wanamwita mla cha mbwa. Nilicheka pamoja nao. Nasema hili mapema kwa sababu nitalihitaji mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Ijumaa alichoma mikate ya nyumba nzima katika ile stovu kubwa ya kuni, na mikate ikishatoka, hakuongeza kuni tena. Aliacha moto ushuke. Hapo ndipo zamu ya mbwa ilifika. "Mkate wa mtu unataka moto unaopanda," alikuwa akisema, "wa mbwa unataka moto unaoshuka." Maana yake ni kwamba biskuti ya mbwa haichomwi, inakaushwa. Ukiiwekea moto mkali itaungua nje na ndani ibaki mbichi, na baada ya siku tatu itaota ukungu. Ukiiacha ndani ya joto linalokufa, mpaka asubuhi inakuwa ngumu kama kigae na inakaa mwezi mzima.

Alikuwa na kikombe kimoja cha bati, kimebonyea ubavuni, na hicho ndicho kilikuwa kitabu chake cha mapishi. Vikombe vitatu vya unga wa ngano usiokobolewa, kimoja cha unga wa mahindi, kimoja cha pumba. Yai moja. Maini yaliyochemshwa na kukatwa mpaka yakawa kama mchanga. Supu ya mifupa, vuguvugu, akimimina kidogo kidogo mpaka unga ushikane na usinate kwenye vidole. Chumvi hapana. Sukari hapana. Kitunguu hapana kabisa, alisema kitunguu ni adui wa damu ya mbwa, na hakunieleza alilijuaje hilo. Alisukuma unga kwa chupa, akakata kwa mdomo wa gilasi, akatoboa kila moja kwa uma mara tatu. Niliuliza kwa nini mara tatu. Akasema biskuti isiyo na matundu huvimba kama mtu aliyepewa unyapara.

Kusoma hakujua. Memsaab, mke wa Bwana mwenye shamba, aliwahi kumletea kitabu cha Kiingereza chenye mapishi, akakiweka kwenye rafu vizuri, akakipangusa vumbi kila Jumatatu, na hakukifungua siku moja. Ukikisifu alisema, "Ndiyo, ni kitabu kizuri, hakinisumbui."

Sasa kuhusu kuonja. Kule kwao, na hata kwetu, mtu akikukaribisha pombe hupiga yeye funda la kwanza. Hiyo ni kuondoa sumu. Anakuonyesha kwamba kilichomo kibuyuni kimepita kwanza kwenye koo lake. Mpishi aliichukua desturi hiyo akaitia jikoni, na hakuiacha hata kwa mbwa. Asubuhi ya Jumamosi aliitoa biskuti ya kwanza kwenye stovu, akasimama wima, akavua kofia, akauma nusu. Alitafuna mpaka ikaisha. Ile nusu iliyobaki aliiweka chini kabisa ya mkebe, kisha akazipanga nyingine juu yake. Ilibaki pale mpaka mkebe ulipokwisha, na mbwa walipewa mwishoni.

Alikuwa na pengo katikati ya meno ya mbele, pana, unaweza kupitisha kijiti cha kibiriti. Kwa hiyo akiuma kitu, katikati ya ule mpaka wa meno kilibaki kijilimi kidogo kisichoumwa. Watoto wa Memsaab walilijua hilo na kulipenda. Wakipata kipande cha keki chenye kijilimi walisema Mpishi amepita hapa.

"Mzee," nilimwambia siku moja, "mbwa anajua nini habari ya kuondoa sumu?"

"Mbwa hajui."

"Basi unamwonjea nani?"

"Mimi najua," akasema, akaendelea kufuta meza.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Mikono yake aliiosha mpaka ngozi ikapauka, lakini ugoro aliuweka nyuma ya sikio ndani ya kipande cha gazeti, na alipopiga chafya jiko zima lilitikisika. Alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa na matusi ambayo sijayasikia tena popote. Sukari aliifungia kabatini, akavaa ufunguo shingoni, akatunyima hata kijiko, kisha mtoto wa mkamuaji akiugua alimpelekea asali bila kuambiwa. Na mbwa, kama nilivyosema, aliwaogopa. Alipokuwa mdogo mmoja alimtoa nyama ya paja. Kwa hiyo aliwalisha kwa ule mwiko mrefu wa kukorogea jamu, akisimama mlangoni mguu mmoja ndani, biskuti juu ya mwiko, akiwafokea: "Kaa chini, mshenzi wewe. Ngoja zamu. Huna mama?" Na wale mbwa, ambao Bwana mwenyewe aliwaita mara tano wasije, walikaa kwa mstari mbele ya Mpishi na kumwangalia kwa mapenzi ya ajabu.

Mimi na yeye tuligombana kwa kweli mara moja tu. Ilikuwa juu ya maini. Kambini tulikula posho na maharagwe, na hayo maharagwe yakiwa mengi tulishukuru. Nikasimama jikoni nikamwambia kwamba mtu mzima anayekatia mbwa maini huku watoto wa watu wanalamba mwiko hana haya. Sikumheshimu siku hiyo. Ijumaa iliyofuata aliniita, akanipa sufuria kubwa yenye kifuniko, moto.

"Hiyo ni supu ya kwanza," akasema. "Ina mafuta na vinyama vyake. Peleka kwa watoto. Mifupa nitaichemsha tena, ya pili ndiyo ya biskuti."

"Na mbwa?"

"Mbwa hana habari mfupa umechemshwa mara ngapi."

Tangu hiyo, kila Ijumaa watoto wa kambi ile walikunywa supu, na wakanawiri wakang'aa, na Memsaab akawa anasema kwa wageni wake kwamba hewa ya Njoro inawafaa sana Waafrika. Tulimwacha na hewa yake.

Ushindi wake mkubwa ni ule wa njia. Kutoka kambini kwenda dukani na kanisani, njia ya mkato ilipita nyuma ya nyumba ya Wazungu, na mbwa wale walikuwa wamefundishwa kazi moja, kumwuma mtu mweusi asiyevaa aproni. Simba, yule wa Bwana, alikuwa amekwisha rarua suruali za nusu ya kambi. Wanawake walizunguka maili nzima na mizigo kichwani. Mpishi alianza tu kuchoma biskuti mbili zaidi kila wiki, akizivunja vipande vidogo, akampa kila anayepita jikoni kuleta kuni au maziwa. "Weka mfukoni. Ukimwona usikimbie. Mrushie, mwambie kaa chini mshenzi wewe." Miezi miwili, mitatu. Kufika Krismasi tulipita njia ile na watoto wetu na ngoma, tukienda kanisani, na Simba alitusindikiza mpaka geti mkia juu. Mama mmoja mzee, mkwe wa mkamuaji, alisema ameishi kuona mbwa wa Mzungu akitoa heshima. Mpishi alisimama dirishani akituangalia. Siku hiyo hakuvaa kofia, na alikuwa anacheka waziwazi na lile pengo lake.

Bwana aliliona akacheka pia. Memsaab hakucheka. Alisema mbwa wake wameharibiwa, hawabweki tena, na kuanzia hapo alikuwa na kitu moyoni juu ya Mpishi.

Lakini biskuti alizitaka. Alikuwa na mbwa wake wawili, Rasti, mkubwa mwekundu mwenye manyoya marefu, na Topsi, kibwa kidogo cheupe. Rasti aling'aa manyoya mpaka wageni wakauliza analishwa nini. Memsaab akawaambia anawachomea biskuti yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale na mtoto mgongoni, nikasikia. Mpishi pia alisikia, alikuwa anamwaga chai. Baadaye nikamwuliza kama jambo hilo halimchomi. Akasema sifa ni ya mwenye jiko, utamu ni wa mwenye mkono. Memsaab akawa anawapa rafiki zake vifurushi, kila kimoja na utepe, na jina lake likaenea mpaka Molo kwa biskuti ambazo hakuwahi kuzigusa.

Ndipo Rasti akafa.

Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Watu walichukuliwa kwa neno moja tu, wengine bila neno, na usipoelewa hofu ya siku zile hutaelewa nilichokifanya. Rasti alikutwa asubuhi nyuma ya banda, povu mdomoni, anatetemeka, na kufika saa nne alikuwa amekwisha. Jana yake alikula biskuti kutoka kwa mwiko wa Mpishi, wote waliona. Memsaab alitoka akipiga kelele.

"Wewe kwisha weka nini ndani ya biskuti? Wewe naua Rasti. Kesho wewe naua mtoto yangu."

Polisi waliitwa kutoka Njoro. Alikuja sajini mmoja mrefu na askari wawili. Sisi watumishi tulipangwa uani mbele ya jiko. Mpishi alisimama mbele yetu na aproni yake nyeupe, mikono nyuma, na sote tulijua hesabu yake ilivyo. Mpishi aliyeitwa mtia sumu hana jiko tena Kenya nzima, hiyo ikiwa bahati imemsimamia. Isipomsimamia, anapandishwa lori na kupelekwa kizuizini.

Sajini akamwuliza. Mpishi akajibu kwamba hakipo chakula kilichotoka jikoni kwake asichokionja yeye kwanza, hata cha mbwa. Sajini akageuka kwetu.

"Wewe yaya, ndiyo unaingia jikoni kila siku. Uliona akionja?"

Nilikuwa na watoto watatu. Mume wangu alikuwa amechukuliwa miezi miwili nyuma na sikujua yuko kambi gani ya kizuizini. Siku zile tulikuwa na maneno mawili ya kujifunika, sijui na sikuona, na yangu yalitoka yenyewe kabla sijayafikiria.

"Sikuona, Afande."

Mimi. Niliyelipeleka lile neno kambini, niliyemcheka kwa kuonja. Nimeona haya kwa mambo mengi maishani, lakini hakuna lililozidi lile. Mpishi hakunigeukia kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyejikwaa.

Kisha akamwambia sajini, kwa adabu, "Afande, naomba mkebe uletwe. Mwaga zote mezani. Angalia ya chini kabisa."

Mkebe ukaletwa, ukamwagwa. Ya mwisho kuanguka ilikuwa nusu. Sajini akaiinua kwenye jua, tukaona sote, mpaka wa meno na katikati yake kale kajilimi. Sajini akamwambia Mpishi afungue mdomo. Akafungua. Mmoja wa askari akacheka, akajizuia.

"Aliuma, ndiyo," akasema Memsaab. "Baadaye yeye naweka sumu kwa ile ingine."

Mpishi akanyoosha mkono. Akachukua biskuti ya juu, akaila. Akachukua ya pili. Hakuharakisha, alitafuna kila moja mpaka mwisho, amesimama wima, kofia ameivua. Kwa ya nne akaomba maji. Baada ya ya sita Bwana akasema, inatosha, mtu huyu atapasuka. Mpishi akasema kwa upole kwamba bado mbili, na hataki kesho mtu aseme ilikuwa katika hizo. Akala zote, pamoja na ile nusu.

Hapo ndipo sauti yangu ilirudi. "Afande, nilimwona. Kila Jumamosi, miaka minne. Kambi nzima tunamwita mla cha mbwa kwa sababu hiyo." Na nyuma yangu vibarua wakaitikia, mmoja mmoja, ndiyo Afande, mla cha mbwa, ndiyo huyo. Dhihaka yetu ikageuka ushahidi. Lakini mimi nilijua nimesema wakati kusema hakukuwa na gharama tena, na yeye alijua.

Adhuhuri akaja daktari wa ng'ombe kutoka Nakuru. Alimpasua Rasti, akatembea mpaka kwenye josho la ng'ombe, akaonyesha nyayo kwenye matope na manyoya mekundu kwenye ukingo. Mbwa alikunywa maji ya josho, yenye dawa ya kupe. Polisi wakaondoka. Sote tukamtazama Memsaab.

"Basi," akasema. "Rudi jikoni."

Mpishi alisubiri. Nakumbuka jinsi alivyosubiri, mikono nyuma, kama mtu aliyeleta barua na anangojea jibu. Alikuwa ameshutumiwa mbele ya watu thelathini, na alitaka mbele ya hao hao aambiwe chakula chake ni safi. Neno moja lilitosha. Memsaab akaingia ndani.

Ijumaa ile alichoma mikate, akaacha moto ushuke, akachoma za mbwa. Jumamosi asubuhi akauma nusu yake, akaiweka chini ya mkebe, akafunga kifuniko. Akaniachia ule ufunguo wa sukari. Nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Akasema, "Yaya, ulikuwa na watoto watatu mdomoni, ungesemaje?" Akatia kile kikombe chake cha bati mfukoni, akatoka kwa ile njia ya nyuma. Simba akamsindikiza mpaka geti. Barua ya sifa Memsaab alikataa kumwandikia, na rafiki zake wakiuliza alisema, yule wa sumu. Hakuna jiko lililomchukua tena kutoka Njoro mpaka Molo.

Mimi nilibaki. Nilihitaji ile kazi. Nikaona Memsaab akihangaika na biskuti zake, maana watu walimwomba na jina lilikuwa lake. Alizichoma kwa moto mkali, zikaungua. Alitia chumvi, alitia vitunguu, aliwahi kutia zabibu kavu. Topsi alizinusa na kwenda zake. Topsi alikuwa anazeeka, akaanza kukataa hata nyama, mbavu zikatoka, na Memsaab alimbeba kama mtoto akilia. Nilimwonea huruma, sitasema uongo.

Miaka ikapita, Emajensi ikalegea, mume wangu akarudi. Siku moja, ile miaka ya hamsini ikielekea mwisho, Memsaab akaniambia nivae, tunakwenda Nakuru. Kuna rafiki yake amemwambia pale sokoni kuna mtu anauza biskuti ambazo mbwa wa mji mzima wanamfuata. Sikuuliza ni nani. Nilibeba kapu, yeye alimbeba Topsi na mkebe wake mwenyewe chini ya kwapa.

Nilimwona kabla ya Memsaab. Alikuwa na kibanda cha mabati kona ya soko, na nyuma yake tanuri alilolijenga kwa pipa na udongo, na juu ya kaunta mitungi ya vioo imejaa biskuti, za mviringo, matundu matatu. Aproni nyeupe. Kikombe cha bati kilichobonyea kimening'inia kwenye msumari. Foleni ilikuwapo: Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, karani wa reli, Memsaab mwingine mwenye kofia ya majani, mmoja wa wale waliokuwa wakipewa vifurushi vya utepe, na wanawake wawili wa Bondeni, mtaa wa Waafrika, walionunua kwa ajili ya watoto wao, maana alichoma za watu pia, zenye chumvi. Mbwa wa soko walikuwa wamekaa kwa mstari. Mwiko mrefu ulikuwa umeegemea ukuta. Nikasikia moyo wangu ukifurahi mpaka nikashika kapu kwa mikono miwili.

Memsaab alimtambua akasimama. Nilidhani atageuka. Lakini Topsi alikuwa amenusa ile harufu, na yule kibwa aliyekuwa hawezi kuinua kichwa akaanza kujinyonganyonga mikononi mwake ashuke. Kwa hiyo akangoja kwenye foleni. Akangoja zamu yake, nyuma ya wanawake wa Bondeni.

"Jambo, Mpishi."

"Jambo, Memsaab. Habari ya watoto?"

"Mzuri." Akaweka mkebe wake kaunta akaufungua. "Mimi napika sawasawa na wewe. Topsi hapana kula. Kwa nini?"

Mpishi akazitazama zile biskuti zake bila dharau. "Memsaab ameonja?"

Yule mwenye kofia ya majani, aliyekuwa bado anafunga kifurushi chake, akainua macho. Karani wa reli naye hakuondoka. Memsaab akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Hii ya mbwa," akasema.

"Ndiyo, Memsaab."

Akamngojea. Alisimama vile vile alivyosimama uani siku ile, mikono nyuma. Topsi analia. Memsaab akachukua moja kutoka mkebe wake, akauma kidogo, akaitema kwenye kitambaa. Hakuna aliyecheka. Mpishi akafungua mtungi, akachukua moja, akavua kofia, akauma nusu, akatafuna mpaka ikaisha, tuone sote. Kisha akachukua nyingine, nzima, akaiweka juu ya mwiko mrefu, akaunyoosha mpaka mbele ya Memsaab.

Memsaab aliitazama. Nilijua anaona nini, kwa sababu mimi pia nilikuwa naliona lile povu la Rasti, na sajini, na nane zile zikiliwa moja moja. Akaichukua. Akauma nusu. Alitafuna muda mrefu, machozi yakimtoka, na ile nusu iliyobaki akampa Topsi mkononi, na Topsi akaila akatafuta makombo kwenye vidole vyake.

"Safi," akasema. Halafu akasema tena kwa sauti, akimgeukia yule mwenye kofia ya majani ili naye asikie. "Iko safi. Siku zote ilikuwa safi. Na ile mimi nakupa wewe na utepe, ilikuwa yake."

Mpishi akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akipokea chenji iliyo sawa. Akamjazia kifurushi, akamwambia asitie chumvi na aache moto ushuke. Kisha akanigeukia mimi, nilikuwa nyuma na kapu langu, akacheka na lile pengo lake lote.

"Yaya," akasema, "umeona?"

"Nimeona, Mzee," nikasema, kwa sauti ya kusikika soko zima. "Nimeona."